Mtani na Gia ya Nne

Marehemu mume wangu alikuwa mpole kila mahali isipokuwa nyuma ya usukani. Kazini alikuwa mpima viwanja, mtu wa kufumba jicho moja, kutazama mbali na kunyamaza. Msikitini alikaa safu ya nyuma karibu na viatu. Nyumbani tukigombana, nilikuwa nagombana peke yangu, na mtu akikunyamazia unagombana weee mpaka unachoka mwenyewe, unakwenda kupika. Lakini mpe ile gari yake ya Kijapani, ya buluu iliyoanza kupauka, ya gia, yenye tabo ya kuiongezea nguvu, hapo anatokea mtu mwingine kabisa.

Watu wa Picha ya Ndege, mtaani kwetu Kibaha, walituona viroja. Mtu mzima, kipara kinang'aa, ndevu zina mvi, anaendesha gari ambayo vijana wa mjini wanaiota. Nilimwambia mara nyingi aiuze, tununue kigari cha heshima, cha otomatiki, cha kubebea mchele na mkaa. Alisema sawa. Miaka ikapita, ile "sawa" ikabaki palepale. Hatukujaliwa mtoto, na wifi yangu, dada yake mkubwa, ambaye mdomo wake Mungu alisahau kuufungia komeo, alikuwa akisema mbele za watu kwamba mimi nina mke mwenza, na mke mwenza wangu analala uani chini ya turubai. Nilikuwa nacheka na kuudhika kwa pamoja.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Sauti yangu imezoea kufika dawati la nyuma bila kubisha hodi, na magari sikuyapenda. Nilichokuja kukipenda, bila kupanga, ni mlio wa ile moja. Jioni akitoka Dar, akishayavuka matuta pale barabara kuu, alikuwa akiikamua kidogo kwenye kile kipande kilichonyooka kabla hajapunguza na kukata kuja kwetu. Mimi niko jikoni, mkono kwenye unga, nasikia. Ya kwanza inanguruma kivivu. Ya pili inapanda. Ya tatu ndiyo inayoimba, inapanda mpaka unajiuliza itaishia wapi. Halafu inaingia ya nne, na sauti inashuka kidogo, inatulia, kama mtu mzito aliyepata kiti. Nikisikia ya nne nilikuwa naweka sufuria ya chai motoni, maana najua mzee kafika.

Jumapili tulikuwa tunakwenda kwao Kisarawe kumwona mama mkwe. Ukishapita Pugu barabara inaanza kupanda na kupinda, miti imefunga pande zote mbili, hewa inabadilika ghafla mpaka unatafuta kanga ya kujifunika. Hapo ndipo alipokuwa anafungua mdomo. Mtu ambaye nyumbani maneno yake yanahesabika, pale kwenye kona za Kisarawe alikuwa akinifundisha kama nilivyokuwa nafundisha mimi darasani. Asubuhi injini ikiwa baridi, alisema, huipigi resi, unaisubiri ipate moto kwanza, kama unavyomsubiri mtu mzima ajinyooshe kabla hujamtuma. Gia ya nne huivuti kwa ngumi. Unaishika kwa vidole, unaitoa kwenye ya tatu, unaiachia kidogo, yenyewe inarudi katikati, kisha unaivuta chini. Ukiikamata kwa ngumi na kuisukuma pembeni, umekwenda kwenye ya pili, na hapo umeua.

Nilimuuliza inakufaje, wakati ana mshale pale mbele na mstari mwekundu wa kumwonya. Akacheka kidogo. Akaniambia kwamba ukikanyaga mafuta kupita kiasi gari inajizuia, kuna kifaa kinakata mafuta mshale ukigusa nyekundu, hata ukanyage mpaka sakafu itoboke. Lakini ukiingiza gia ndogo ukiwa kwenye mwendo mkubwa, hakuna wa kuzuia, kwa sababu hapo si injini tena inayozungusha matairi. Matairi ndiyo yanayoizungusha injini, nayo hayajui mstari mwekundu ni nini. Nilimwambia atazame mbele, kuna lori.

Rafiki yake mkubwa alikuwa mtani wake. Kwa asiyejua, sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, tangu walipokuwa wanashuka na mizigo kutoka bara kuja pwani wakipita kwenye ardhi yetu. Utani si mzaha wa kupoteza muda, una sheria zake. Mtani anakutukana, anakunyang'anya, anakuaibisha mbele za watu, na wewe hukasiriki. Ukikasirika umeshindwa, na watu wanakucheka wewe. Fidia hailipwi, msamaha hauombwi. Kinachofanyika ni kungoja zamu yako ifike.

Huyu wetu alitoka Tabora miaka mingi iliyopita, akajenga Visiga, anafyatua matofali. Alikuwa na kipaji cha kuiga. Akimwona mtu mara moja, kesho anakuletea mwendo wake, kikohozi chake, hata namna anavyotafuta miwani iliyoko kichwani. Alikuwa akifika kwetu bila hodi, anafunua sufuria, anatoa samaki mkubwa kuliko wote na kusema Wazaramo hawastahili samaki, wanastahili ngoma tu. Siku moja ya Ijumaa mume wangu alimtangulia Visiga, akachukua kanzu yake pekee iliyokuwa imeanikwa, akaenda nayo msikitini. Mnyamwezi akaja kuswali amejifunga shuka la kitandani. Waliswali bega kwa bega, wakatoka nje, mmoja akamuuliza mwenzake kama huko Tabora vitanda vinalala uchi. Urafiki wao ndivyo ulivyokuwa, na sikumbuki hata siku moja niliyowasikia wakiongea kwa adabu.

Mume wangu alikufa asubuhi, amekaa kitandani anavaa soksi. Moyo ulisimama. Niliyekuwa nimetoka kumwambia asichelewe ndimi niliyerudi kumkuta, na zaidi ya hapo sitaki kuandika.

Akazikwa kwao Kisarawe, mimi nikabaki Kibaha ndani ya nyumba yake, nimekaa eda. Ya mazishini nilisimuliwa. Mtani alilala mbele ya jeneza, akasema halipiti mpaka apewe kuku jike. Wakampa. Kisha akashuka kaburini, akalipima kwa hatua zake, akapanda juu na kuwatangazia waombolezaji kwamba marehemu alikuwa mpima viwanja, hawezi kukubali kiwanja kidogo namna hii, na bikoni za mipaka ziko wapi. Watu walicheka huku wamejaa machozi. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani. Watu wa nyumba kupumua kumeshawashinda, yeye anawapumulia.

Siku ya tatu ilisomwa hitima nyumbani kwetu. Baada ya dua na pilau, wanaume wakiwa kwenye mikeka uani, mtani akatoka upande wa nyuma ya nyumba amejaa tele. Alikuwa amevaa kofia ya mume wangu na miwani yake, amejitia masizi kidevuni yawe ndevu. Mimi nilikuwa chumbani na wanawake, nimejitanda nguo nyeupe, tunachungulia pembeni ya pazia. Alisimama kama yeye, bega moja limeshuka. Kisha akageukia ukuta, akawa anausikiliza ule ukuta kama unamgombeza. Akatikisa kichwa. Akasema, "Sawa." Ukuta ukaendelea kugomba. Akasema tena, "Sawa."

Ule ukuta nilikuwa mimi, na kila mtu uani alijua. Nilicheka. Mjane wa siku tatu, nilicheka mpaka wifi akanifunika mdomo kwa pindo la kanga, na yeye mwenyewe mabega yanatikisika. Sijui kama naweza kueleza. Kwa muda ule mfupi mume wangu alikuwa uani, amesimama, anachoshwa na mimi kama kawaida.

Ndipo akazifuata funguo. Zilikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango, mahali zilipokuwa siku zote, na alijua. Akafunua turubai, akaingia, akarekebisha kioo kama mume wangu alivyokuwa anakirekebisha, kwa kidole kimoja. Watu wakashangilia. Sikukataa. Hata ningetaka kukataa, mtani hakataliwi, lakini kusema kweli nilitaka aiwashe. Nilitaka kuusikia ule mlio kuliko nilivyotaka chakula. Akaiwasha, akaipiga resi palepale, injini ya baridi, imelala tangu msiba. Nikasema kimoyomoyo, we bwana, iache ipate moto. Akatoka nayo.

Akaelekea upande wa Dar, akageuza huko mbele, akarudi. Chumba kizima kilikuwa kimya kwa sababu mimi nilikuwa kimya. Nikasikia anayavuka matuta. Ikaja ya kwanza. Ikaja ya pili. Nikafumba macho. Ikaja ya tatu, ikaimba, ikapanda vilevile kama jioni zote, na mkono wangu, Mungu ananiona, ulitafuta sufuria ya chai.

Badala ya kushuka, sauti ikapanda. Ikaruka juu, nyembamba, kali, mlio ambao sijawahi kuusikia ukitoka kwenye chuma, na mlio wenyewe haukudumu hata kidogo. Kikafuata kishindo kikavu. Halafu tairi zikalia, halafu honi ya lori, halafu kimya. Wanawake wakapiga kelele kwamba kapata ajali. Mimi sikupiga kelele. Nilijua kilichotokea kana kwamba mkono ulikuwa wangu. Alitaka ya nne, akaingiza ya pili.

Yeye mwenyewe hakuumia hata kidole, alhamdulillahi, gari iliserereka ikaenda kusimama nje ya lami. Waliisukuma kuirudisha, wanaume wamekunja kanzu zao kiunoni. Akashuka, kofia ya mume wangu bado iko kichwani, masizi yamechuruzika mpaka shingoni. Watu wote wanamtazama, wanasubiri mtani aseme neno. Akasema, "Marehemu amegoma." Na wakacheka. Haki ya Mungu, wakacheka.

Hasira niliyoipata siku ile sijawahi kuipata kabla wala baada. Nilitaka kutoka na eda yangu na nguo zangu nyeupe nikamzabe kofi mbele ya masheikh. Wifi alinishika mikono yote miwili. Akaninong'oneza kwamba mjane hatoki, na mtani hakasirikiwi. Sheria mbili kwa mpigo, na zote mbili za kweli. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini hawakusema huo usaha mtu aupeleke wapi ikiwa kukasirika kwenyewe kumekatazwa. Nilikaa chini nikaumeza.

Tangu siku ile hakukanyaga kwetu. Arobaini ilisomwa, watani wengine wakaja, wakala, wakatukana, yeye hakuja. Mimi ndani ya eda nikawa na kazi moja, kumchukia. Eda ni ndefu. Miezi minne na siku zake unatazama dirisha lilelile. Nilijua si mtu mbaya, na kujua huko hakukunisaidia. Nilifikiri juu ya maneno ya mume wangu pale kwenye kona za Kisarawe. Hasira yangu ya kila siku, ya kugombeza watoto darasani na kumgombeza yeye kwa soksi alizotupa, hiyo nilikuwa naiendesha mwenyewe, na nikifika kwenye nyekundu kuna kitu kinanikata, naona aibu, nanyamaza. Hii haikuwa ya namna hiyo. Hii ilikuwa inanizungusha yenyewe, kutoka chini, na mimi sikuwa na mguu wa kuiondoa.

Wifi akamleta fundi aifungue ile injini uani ili tujue moja. Alikuwa kijana wa makamo, mwenye adabu, akijua kwamba nyuma ya pazia kuna mwenye eda. Hakuniangalia. Alikuwa akizungumza na wifi kwa sauti ya kunifikia mimi. Alipoinua kichwa cha injini, akaviweka vyuma vilivyovunjika na kupinda kwenye ukingo wa dirisha langu, kwenye gazeti, akaenda pembeni ili nivitazame. Vavu, vile vyuma vyembamba vya kufungua na kufunga matundu ya injini, zilikuwa zimepinda kama misumari iliyopigwa na mtu asiyejua kupiga misumari. Pistoni zilikuwa na alama utosini, mwezi mchanga, kila moja na mwezi wake, pale vavu zilipozigonga.

Alieleza kwamba katika mwendo wa kawaida vile vitu viwili havikutani. Vavu inashuka, inapanda, pistoni inafuata nyuma yake, wanapishana mlangoni kila mara bila kugusana. Mzunguko ukizidi sana, springi haiwahi kuirudisha vavu mahali pake, nayo pistoni haijui kusubiri. Akasema mtu aliyekanyaga mafuta sana angekuta injini imechoka tu, imekula oili, inagonga. Hii ilikuwa nzima kabisa, ilikuwa imetunzwa kama mtoto, ikafa mara moja. Huyu amekosea gia, akasema. Amekamata kwa nguvu. Angeiachia kidogo tu, ingekwenda yenyewe.

Aliongeza kwamba injini nyingine inapatikana, iliyotumika, kutoka Japani, inafungwa na gari inatembea. Nilimwambia wifi amshukuru. Nilijua ingetembea. Lakini hata kama ingekuwa ya aina ileile, nilikuwa nimeshapoteza niliyokuwa naisikia, na hilo halifungwi na fundi. Nilikunja gazeti na vile vyuma, nikampa wifi avitupe.

Habari za Visiga zilikuwa zinanifikia kupitia kwa wifi. Kwanza akasema yule mtani wetu ameacha kutukana. Akikutana na Mzaramo njiani anampisha. Akisalimiwa kwa tusi, anaitikia kwa salamu. Amemwamkia shikamoo hadi mume wa dada yangu, ambaye ni mdogo kwake. Watu walidhani anaumwa. Kisha akaja na kubwa lao. Alisema yule mtani ametuma ujumbe kwamba eda ikiisha, ataleta wazee wa kwao na wa kwetu, akae chini mbele yangu aombe msamaha rasmi, na alipe injini. Ameshaanza kuuza matofali kwa ajili hiyo.

Wifi alifurahi. Alisema uungwana huo, wangapi wangefanya hivyo. Na mimi, niliyekuwa nimeshinda miezi nikimwapiza, niliposikia hivyo moyo ulinishuka mpaka miguuni. Wifi aliniuliza si ndicho nilichokuwa nakitaka. Ilinichukua usiku na mchana kukielewa mwenyewe.

Akija na wazee, akasema nisamehe, nami nikasema nimekusamehe, basi utani umekwisha. Mtani hana cha kuomba. Anayeomba msamaha ni mtu baki, jirani aliyekuharibia kitu, mkamalizana mkaendelea kuheshimiana. Hatafunua tena sufuria yangu. Hataingia bila hodi. Na hapa duniani hakuna mwingine anayeweza kusimama uani kwangu, bega moja limeshuka, akasema "sawa" mpaka nikamwona mume wangu. Gari ilikwisha. Sasa na huyu anakwenda, tena kwa adabu, na wazee wakishuhudia. Wakati huohuo hasira yangu ilikuwa haijapungua hata punje, na sikutaka kujifanya imepungua.

Siku niliyotoka eda nilioga, nikabadilisha nguo, na sikungoja wazee wa mtu. Nikapanda bajaji mpaka Visiga.

Nilimkuta ameketi kibarazani, mkewe pembeni anachagua mchele kwenye ungo. Amekonda. Aliponiona alisimama, akavua kofia, akainamisha kichwa. "Shikamoo, shemeji," akasema. Mtu ambaye tuko rika moja, aliyeniita miaka yote majina ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Sikuitikia. Mkewe akaniletea kigoda, nikakaa. Yeye akabaki amesimama, akaanza ile hotuba yake, amekosa, hana la kujitetea, anaomba. Nikamkatiza kwa sauti ya dawati la nyuma, mpaka kuku wakaondoka uani.

"Kaa chini. Nina hasira na wewe, na nitakuwa nayo mpaka nichoke mwenyewe. Lakini mtani haombi msamaha. Ukiniomba leo, kesho wewe ni jirani tu, na majirani ninao tele."

Akakaa. Nikamwambia sitaki injini yake, wala matofali yake, wala wazee. Kuna kitu kimoja amekichukua na ndicho ninachokidai, na anacho. Nikamwambia aniigizie mume wangu akirudi jioni. Ile gari, kwa mdomo, kuanzia kwenye matuta.

Alikataa. Alisema hawezi, tangu siku ile hajamwiga mtu yeyote. Mkewe akaweka ungo chini. Nikasema mimi nimekuja kwa bajaji, sina haraka, nitakaa hapahapa mpaka usiku na chakula cha usiku nitakula cha kwake. Tulikaa. Nilimwona akitazama mikono yake. Kisha bega moja likashuka, taratibu, kama lenyewe, na mkono ukainuka ukarekebisha kioo kisichokuwepo kwa kidole kimoja.

Akaiwasha. Safari hii aliiacha ipate moto. Midomo imefungwa, sauti inatoka kifuani, chini kabisa, mpaka niliisikia kwenye miguu ya kigoda. Akayavuka matuta. Ya kwanza, kivivu. Ya pili. Sikutazama pembeni. Ikaingia ya tatu, ikaanza kupanda, ikapanda, na ilikuwa yenyewe, ileile, sikuwa na shaka nayo, jioni yenyewe na unga mkononi. Ikafika pale panapotakiwa.

Akanyamaza. Mkono umeganda hewani, umekamata ngumi. Machozi yalikuwa yanamshuka bila kikohozi wala kelele.

"Siku ile nilikuwa yeye mpaka ya tatu, shemeji," akasema. "Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba amekufa."

Mkewe alitazama chini. Barabarani lori lilipita, likaisha. Nikamwona mtu mzima amebaki kwenye ya tatu, na atabaki pale siku zote, na mimi nimebaki naye, injini inalia juu na hakuna anayejua kuishusha. Basi mimi, mwalimu, mjane, siku yangu ya kwanza nje, nikafungua mdomo na kuipokea ile sauti pale alipoiachia, nikaiingiza ya nne. Ilitoka vibaya, imepasuka na kilio. Lakini ilishuka, na ikatulia.

Wote wawili walinitazama. Yule Mnyamwezi akafuta pua kwa mgongo wa mkono, kisha akamgeukia mkewe na kumwambia asogeze mchele, maana Mzaramo ameleta mashine ya kusaga.

Nilimtukana yeye na ukoo wake wote mpaka Tabora, na chakula cha usiku nilikula kwao.